Mwende Akija, Asibebe Maji

Silanga, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu,

Kabla ya maneno yoyote naomba nikushike mkono. Magoti yako yanasemaje na hii mvua? Niliambiwa siku hizi unayakanda asubuhi ndipo yakubali kusimama. Usiyalazimishe, Mama. Mimi sijambo, nimechoka tu, na uchovu si ugonjwa, ni vile nimekuwa.

Msalimie Kimanzi ndugu yangu, umwambie kikohozi cha kazi ya mchanga hakiponi kwa kukinyamazia, aende akaonekane. Msalimie mke wake Nafula, ambaye najua ndiye anakusomea hii barua. Nafula, dada yangu, asante. Nakuomba usiruke mahali, hata ukiona nimeandika vibaya, hata ukifika mahali nimemwambia Mama neno gumu. Lisome vile lilivyo. Wasalimie watoto wenu, Mutua na yule mdogo ambaye bado sijambeba. Shangazi Kanini naye mwambie macho yake nayaweka kwa maombi kila Jumapili. Akina mama wa mwethya, wale mnaolimiana kwa zamu, nawasalimia wote, wenye majembe na wenye midomo. Na punda wako, Mama, ana hali gani? Kile kidonda cha mgongo kilifunga? Usicheke. Huyo punda nina maneno naye, utaona mbele.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Nafula ni mtu wa Bungoma na Kikamba chake unakijua, atakuchekesha mpaka usahau nilichotaka. Na sikupiga simu kwa sababu simu unaipokea ukiwa umezungukwa na watu, unasema ndiyo, ndiyo, halafu inakatika. Haya ni maneno ya mtu kuketi.

Jambo lenyewe ni hili. Ulituma neno kwamba shule zikifungwa nimlete Mwende asaidie palizi, kwa maana mwezi huu mwethya inakuja kwa shamba lako na nyumba yako haina mkono wa kuonyesha kwa jembe. Mama, nataka kumleta. Lakini anakuja na mguu mbaya, na haji kulima wala kuteka maji. Anakuja kukaa. Najua hilo neno limekuchoma. Ngoja nikueleze lilikotoka.

Huku naendelea na kazi ya kufua. Natoka Silanga asubuhi nikitembea mpaka Kawangware, tunakaa kando ya barabara akina mama kumi au zaidi, kila mtu na leso yake, tunangoja mwenye nguo aje aseme, "Wewe, kuja." Siku nyingine wanakuja wengi, siku nyingine unakaa mpaka jua linakuhama na hakuna aliyekuangalia. Mikono yangu ungeiona ungeuliza ni ya nani. Baba Mwende bado yuko Athi River kwa mjengo, anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anarudi. Na hapa karibu yetu kuna nyumba za ghorofa za Highrise. Maji yakipotea kule kwa mifereji, na yanapotea kila wiki, wenyewe wanatafuta mtu wa kuwapandishia mitungi. Hiyo kazi pia niliichukua. Ngazi ni nyingi, Mama. Ghorofa ya tano ukifika unasikia moyo masikioni.

Sasa Mwende. Nilikuambia anakimbia. Anakimbia mita mia nane, yaani mizunguko miwili ya uwanja, na anakimbia mpaka watu wazima wanasimama. Kuna shule ya bweni ya wasichana imesema itamchukua bila karo yoyote akikimbia mbele yao vizuri, shule zikifunguliwa Januari. Miaka minne ya shule, Mama, kwa mbio za dakika mbili na kitu. Wewe unajua mimi niliachia wapi. Darasa la sita, siku ile kisima kilikauka nikapewa mtungi. Basi hiyo Januari ndiyo inaniamsha na ndiyo inanilaza.

Anafundishwa na mama mmoja anaitwa Kocha Akinyi, kwa uwanja wa vumbi huko Kawangware. Mimi nilidhani kufundishwa mbio ni kukimbia. Siku moja nimekosa nguo za kufua nikapita kuwaona. Nikakuta wasichana hawakimbii! Mmoja anavuta gurudumu la gari amelifunga kiunoni kwa kamba. Mwingine anapanda na kushuka kwa jiwe, mguu mmoja, na debe la mchanga mkononi. Mwende wangu amelala chini kwa viwiko kama kenge, anatetemeka, na kocha anahesabu. Nikamuuliza, "Mwalimu, sasa hii ni mbio gani?"

Akacheka. Akaniambia, "Mama Mwende, mbio bila nguvu ni gari bila bolti. Itaenda, lakini siku moja tairi itakupita barabarani."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, na hapo ndipo kosa langu lilizaliwa. Nilisema moyoni, kumbe ni nguvu wanatafuta! Nguvu si sisi ndio wenyewe? Si ulinilea na mkanda wa mukwa kwenye paji la uso na mtungi mgongoni, kutoka mtoni mpaka nyumbani, na ulikuwa ukisema msichana asiyebeba maji shingo yake ni ya kuku? Na ule mukwa wa ngozi ulionipa nilipoolewa, bado nilikuwa nao kwa msumari nyuma ya mlango. Nikautoa. Nikamwambia Mwende, "Huu ni wa susu yako. Huu ndio mazoezi ya kwetu." Mgongo wangu pia ulikuwa umeanza kukataa ngazi, sitakudanganya. Nikaona mambo mawili yameisha kwa mara moja, mimi nitapumua na mtoto atakuwa na nguvu.

Akaanza kupanda Highrise kila asubuhi kabla ya shule. Mitungi miwili kwa mara moja hapana, lakini mmoja mmoja, mara nne, mara tano. Jioni Kawangware na gurudumu la kocha. Na kwenda na kurudi ni kwa miguu. Wanawake wa hapa walikuwa wakimuona na mukwa wanamtania, "Wewe Mkamba, hujui kuna kichwa cha kubebea?" Anawajibu, "Kichwa changu ni cha kusoma." Nilikuwa najivuna, Mama. Nilikuwa nasema huyu ni damu yako.

Halafu akaanza kupungua. Wewe unadhani mtu akifanya kazi zaidi anaongeza nguvu. Yeye alikuwa akipungua. Mbio zilikuwa nzito. Usingizi hauji, chakula anakizungusha kwa sahani. Nikamwona anashuka kitandani akianza na mguu wa kulia, wa kushoto anauweka polepole kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Namuuliza, anasema, "Ni kuchoka tu, mum." Nikamwamini kwa sababu mimi pia huwa nasema hivyo.

Kocha Akinyi ndiye aliyekuja mpaka nyumbani. Alikuja Jumamosi nikiwa naanika nguo, ameshika daftari. Kila msichana wake ana daftari, anaandika amelala saa ngapi, amekula nini, nyumbani amefanya kazi gani, na wapi panauma. Akaketi kwa kiti chetu kile cha mguu mbovu, akasoma ya Mwende. Mahali pa kazi ya nyumbani kila siku aliandika neno moja, vyombo. Vyombo, vyombo, vyombo.

"Mama Mwende, hapa mnaosha vyombo vya hoteli gani?"

Mwende akaangalia chini. Mimi pia nikaangalia chini, na bado sikuwa nimejua kosa ni nini. Kocha akaona mukwa nyuma ya mlango.

"Hii ni nini?"

"Ni mukwa, mwalimu. Ni ya kubebea maji. Ni ya mama yangu."

"Nani anabeba?"

Macho yangu yakamwendea Mwende. Yule mama akainuka, akauchukua mukwa, akaenda kwa mtungi uliojaa pale mlangoni, akaufunga, akauweka kwenye paji lake la uso na kuinua. Mtu wa Siaya, wa kubeba kwa kichwa! Akatembea mpaka kwa choo na kurudi, watoto wa ploti nyuma yake wanapiga kelele. Akauteremsha, akapangusa jasho. Nilingoja anitukane.

Akasema, "Hii ni mazoezi, mama. Hata ni mazuri, kuliko yangu. Shida ni hakuna mtu aliniambia."

Halafu akaniambia maneno ambayo nimeyaweka, nataka uyasikie vile aliyasema. "Mimi naweka chumvi kwa sufuria. Wewe unakuja unaweka chumvi. Na huyu msichana akiogopa ni kidogo, anaongeza yake. Kila mtu ameweka kipimo kizuri. Sasa nani atakula hiyo githeri?" Yeye alisema githeri, wewe weka muthokoi. Akasema, "Mwili haujui hii ni mazoezi ya kocha na hii ni kazi ya mama. Mwili unajua tu uzito na siku. Mimi nikijua amebeba maji, ningemtolea gurudumu. Siku hiyo maji ndiyo ingekuwa gurudumu. Na kuna siku ya kutobeba kitu, hiyo siku ndiyo nguvu inaingia. Nguvu haiingii ukibeba. Inaingia ukilala."

Nikamuuliza Mwende kwa nini aliandika uongo. Akasema, "Ningeandika ukweli kocha angekuambia uache. Na ukiacha, nani angepanda ngazi? Si ni wewe na hiyo mgongo?"

Mama, nilimwambia avae viatu twende.

Tulimpeleka kliniki, wakapiga picha ya mfupa. Mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, umeanza ufa mdogo, kama ule wa chungu ambao hauonekani mpaka uweke maji. Daktari alisema haujavunjika, akipumzika wiki sita utafunga wenyewe. Akikimbia, au akibeba, utapasuka, na hapo Januari isahauliwe. Kocha alihesabu kwa vidole mbele yangu: wiki sita za kupumzika, kisha siku chache za kukimbia polepole, ndipo ile shule imuone. Hakuna wiki ya kupoteza hata moja.

Nikasema vizuri, atakaa nyumbani. Lakini wapi. Wiki ya kwanza haikuisha. Alhamisi nilikosa kazi Kawangware nikarudi mapema, napita Highrise naambiwa, "Msichana wako yuko juu." Nilipanda. Nilimkuta ghorofa ya tatu ameegemea ukuta, mukwa umemkata paji la uso, mtungi mgongoni, na ule mguu ameuinua kidogo kama kuku wa mvua. Sikujua kama nimpige au nimkumbatie.

Nikamwambia, "Mwende, unataka kuniua?"

Akasema, "Mum, wewe ukibeba ni sawa, mimi nikibeba ni dhambi? Nilikuona jana ukiinuka kwa kushika meza."

Tuliketi hapo kwa ngazi sisi wawili, na mtungi kati yetu. Watu wanapita, wanatuambia, "Sogeeni basi, hii ni njia." Tukasogea. Nilimalizia mimi huo mtungi, yeye akinifuata mikono mitupu akilia, na nilijua mahali hapa mtoto hawezi kupumzika. Si kwa sababu hana kitanda. Ni kwa sababu ananiona.

Ndiyo maana nakuandikia. Kwako hataniona mimi nikibeba. Lakini ataona wewe, na ataona Nafula na mtoto mgongoni, na majembe yakipita asubuhi. Nakujua, Mama, na nakijua kijiji. Msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mzima kwa macho, amekaa kivulini na mwethya iko kwa shamba la susu yake! Watasema nimelea mtoto wa Nairobi. Watasema ni mimba. Na wewe hutasema kitu, utainua tu mtungi mbele yake na kuguna, kama ulivyokuwa ukinifanyia, na yeye atainuka. Nafula, hapo usiruke.

Sasa ndipo namleta punda.

Unakumbuka alipokuwa mdogo, ulipomnunua Mutomo? Nilikuwa nimekuja nyumbani na Mwende akiwa mchanga. Kila mtu alikuambia umbebeshe, mto uko mbali. Ukakataa. Wiki ya kwanza ulimfunga mitungi mitupu, akatembea nayo tu. Halafu ukaweka maji kidogo. Ulikuwa ukimpapasa miguu jioni, mmoja mmoja, ukitafuta mahali pa moto. Jumapili hakubeba hata kuni. Na mwaka jana alipopata kidonda cha mgongo, Kimanzi aliniambia ulimwacha akila nyasi mwezi mzima, ukabeba maji wewe, na hayo magoti. Hakuna mtu kijijini alisema punda wako ni mvivu. Walisema mama Kimanzi anajua kufuga.

Nilimsimulia Kocha Akinyi hiyo habari. Akasema, "Mama yako alisomea wapi hii kazi? Maana sisi tunaenda kozi." Nikamwambia hajui hata kuandika jina. Akasema, "Basi huyo msichana mpeleke huko." Kwa hivyo si mimi peke yangu nimefikiria.

Nisamehe kama nimekosa adabu kulinganisha mjukuu wako na punda. Lakini sikupata mfano mwingine ambao ni wako mwenyewe.

Akikubaliwa kuja, mambo yake ni haya. Asibebe, asiiname na jembe, asikimbie hata akifukuzwa na mbuzi. Alale mapema, na mchana pia alale kidogo. Ndengu na maziwa umpe ashibe, na yai likipatikana. Utamwona asubuhi amelala chali anainua kiuno, au amesimama mguu ule mzuri mmoja kama korongo huku akipiga mswaki, au amejilaza kwa viwiko. Hajaingiwa na kitu. Ni kazi amepewa na kocha ili kiuno na mgongo visilale wakati mguu unapona. Watoto wakitaka kumwiga wamwige. Aweza kukaa akichambua maharagwe, aweza kumshikia Nafula mtoto akiwa ameketi. Baada ya wiki tatu, kama ukibonyeza ule mfupa hauumi, atembee mpaka mtoni na kurudi, mikono mitupu. Ubonyeze wewe, Mama, kwa hicho kidole chako kinachojua. Yeye akikuambia hauumi usimwamini, huyo ameshajifunza kudanganya kwa ajili ya watu.

Kwa mwethya, nitakuja mimi. Nimeshasema na akina mama wa barabarani, watanishikia nafasi yangu siku tatu. Jembe nitalishika mimi kwa niaba ya nyumba yako, na mgongo wangu nitauuliza baadaye. Ukitaka kuwaambia wanawake wenzako kwa nini msichana amekaa, waambie ukweli, kwamba mama yake alimbebesha bila kuuliza. Nimekubali waniseme mimi.

Ule mukwa nimeutoa nyuma ya mlango, nimeukunja na kuuweka chini ya godoro langu. Sijautupa. Nilikuwa nikilala nikiusikia mgongoni, nikafikiri labda ndio unanikumbusha.

Baba Mwende anakusalimia. Mwende anakusalimia, ameniuliza kama utamkasirikia, nimemwambia sijui. Msalimie tena ndugu yangu, na shangazi, na mwalimu wa kanisa akiuliza habari zetu.

Barua hii anakuletea Mama Kasyoka, jirani yetu wa kanisani ambaye anaenda kumzika shemeji yake Mutomo. Anarudi Ijumaa. Mpe jibu mkononi, au mwambie kwa mdomo, hata neno moja. Ukisema aje, Jumamosi atakuwa njiani na begi dogo ambalo nitampa mtu wa gari alipandishe, yeye asilishike. Ukisema hapana, sitakununia, nitatafuta pengine. Lakini iwe hapana ya haraka, Mama, kwa sababu sasa hivi ninapoandika mvua imenyesha, maji Highrise yamepotea tena tangu jana, na Mwende ameketi kwa mlango akinyoosha ule mguu, anauangalia mtungi.

Ni mimi binti yako,
Kalunde, Mama Mwende